Bomba Halikuziba

Mimi fundi bomba. Miaka ishirini na saba
nimelala chali chini ya masinki ya Coventry:
nimetoa nywele, mafuta ya kondoo, pete ya ndoa mara moja,
na meno ya bandia ya bwana mmoja wa Earlsdon
aliyenishukuru huku kaziba mdomo kwa kiganja.
Basi kifua kiliponibana
jikoni kwa Bi Hargreave, spana mkononi,
jasho baridi likinichuruzika Januari ile,
nilidhani nakijua kilichonipata.
Mrija umeziba. Chipsi, siagi, miaka.
Mzibuaji kazibwa.

Bi Hargreave ana themanini na moja.
Alinipa aspirini. "Tafuna, Shaame, usimeze."
Akapiga simu, kisha akaketi nami sakafuni
kwenye maji niliyoyamwaga mwenyewe.

Hospitali, waya uliingia kifundoni mwa mkono
ukapanda hadi moyoni, kama ule wangu wa kuzibulia.
Nikamwambia daktari, binti wa Swansea,
"Kumbe tuko kazi moja."
Akacheka kidogo. Akasema hapana.

Kesho yake alikuja na karatasi, akachora.
Mshipa si plastiki. Uko hai, una ngozi,
na ngozi hukasirika.
Mafuta hayakurundikana katikati ya njia,
yalijipenyeza ukutani, nyuma ya rangi,
kama unyevu wa nyumba hizi za matofali mekundu.
Mwili ukawatuma askari wake.
Wakala, wakavimbiwa, wakafia humo humo,
na kila anayekufa anaita wenzake.
Pakavimba, pakapata moto. Daktari alitafuta neno.
Nikampa langu: jipu.
Akalionja ulimini. "Ji-pu."
Jipu dogo, na ngozi yake nyembamba
kama utando juu ya maziwa yaliyopoa.
Njia yenyewe ilikuwa wazi! Juzi tu
nilibeba boila ghorofa tatu, sikuhema.

"Uliugua karibuni?"
Mafua makali, wiki ya Krismasi. Nilikwenda nayo kazini;
nani alale, na mji mzima unatetemeka?
Akaandika. "Huenda ndiyo yaliyochochea. Siwezi kuapa."

Halafu akafika pale aliponinyamazisha.
Ngozi ya jipu ilipasuka, na damu ikaona kidonda.
Haikuuliza ni wapi. Damu haina ramani,
ina desturi tu: penye jeraha, kimbilia.
Zikaja chembe zile ndogo, zikashikana,
zikatandaziwa nyuzi, zikafumwa, zikaganda,
kama zilivyoganda niliposhikwa na ukingo wa bati,
kama zilivyoganda usiku aliozaliwa Nasra
na Raya wangu akaacha kuvuja alfajiri,
mkunga akaketi kwenye kiti, viatu mkononi.
Zilikuja na nia ile ile. Donge, kitambaa, dawa.
Mrija una upana wa unyasi wa kunywea soda.
Majirani waliokuja kuzima moto
walijaa mlangoni, na ndani mtu akakosa hewa.

Nimelifikiria hilo kuliko kifo chenyewe.
Nilitaka adui. Nilikuwa tayari kumchukia,
kumtoa kwa ndoana, kumtupa ndooni.
Nikakuta watu wa nyumbani.

Sasa kila asubuhi Raya ananihesabia vidonge,
vinne vyeupe na kimoja cha rangi ya peremende.
Kimoja kinanong'ona na damu: taratibu, mama,
si kila kelele ni msiba.

Sinki la Bi Hargreave nililimalizia Machi.
Alikuwa ameweka sufuria chini ya tone, miezi miwili,
hakutaka fundi mwingine. Alinitengenezea chai
akanitazama ninavyoinuka, mkono mmoja hewani,
tayari kunidaka, yeye na mifupa yake ile.

Leo nimejikata nikinyoa.
Zamani ningefuta mara moja nikasahau.
Nimesimama mbele ya kioo, karatasi kidevuni,
mvua ikigonga dirisha la bafu,
nikiisubiri damu yangu
ifikirie kwanza.